Waja Leo, Waondoka Leo: Bima ya Afya ya Lazima na Msamaha wa Muda kwa Mwajiri Binafsi

Hotuba kwa waajiri binafsi na viongozi wa matawi ya wafanyakazi, Tanga mjini

Ndugu Mwenyekiti, ndugu waajiri, ndugu viongozi wa matawi ya wafanyakazi, mabibi na mabwana: assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Katika barua ya mwaliko, Mwenyekiti aliniwekea swali moja tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwisha kupita. Je, ni haki mwajiri binafsi ambaye bado hajajiandaa asamehewe kwa muda, au msamaha wa namna hiyo ni njia ya kuiua sheria kimyakimya? Ningeweza kujibu kwa neno moja na kurudi kitini. Jibu langu ni ndiyo, ni haki, lakini kwa masharti ambayo waajiri wengi waliomo humu hawatayapenda, na baadhi ya viongozi wa wafanyakazi nao hawatayapenda. Saa hii moja niliyopewa nitaitumia kuyaeleza.

Kwanza mnijue nasimama upande gani. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa karani wa mishahara na baadaye afisa utumishi, kwanza katika mashamba ya mkonge, kisha kiwandani. Nilikaa upande wa meza ya mwajiri. Najua mkonge unaposafirishwa fedha hazirudi na meli ileile. Najua korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ikiharibika wiki mbili, singa, yaani nyuzi za mkonge, hakuna, mauzo hakuna, na tarehe ya mshahara haisogei. Anayewaambia kwamba kila mwajiri anayechelewesha michango ni mwizi hajawahi kufunga hesabu za mwezi wa mvua. Hata hivyo nilikaa pia karibu na dirisha ambalo mfanyakazi huja kuombea mkopo wa mshahara kwa sababu mtoto amelazwa, na nimeyasikia yanayosemwa pale dirishani.

Wazo la kumlazimisha mwajiri achangie matibabu ya mfanyakazi wake ni la zamani kuliko tunavyodhani. Ujerumani ilipitisha sheria yake ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, wakati wa Kansela Bismarck. Mfanyakazi alilipa theluthi mbili ya mchango, mwajiri theluthi moja. Miaka 10 baadaye, mwaka 1893, Wajerumani haohao walikuwa hapa Tanga wakianza kujenga reli ya kuelekea Usambara, na mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya kwanza ya mkonge. Reli ilivuka bahari, mkonge ulivuka bahari, bima haikuvuka. Manamba, yaani vibarua wa mkataba waliokuja kutoka mbali kukata mkonge, wakahesabiwa siku zao kwenye kadi iliyoitwa kipande, walitibiwa kadiri mwenye shamba alivyoona inafaa. Nayataja haya kwa sababu ya kitu kimoja kilichorithiwa na mashamba yetu: mazoea ya kuiona afya ya mfanyakazi kama hisani ya bwana shamba, ambayo hutolewa mwaka wa mavuno mazuri na kupunguzwa mwaka wa shida.

Baada ya Uhuru tulichukua muda mrefu kufika kwenye ulazima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukianza na watumishi wa umma, ambao mchango wao ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitolewa na mtumishi na nusu na mwajiri. Vijijini ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ulikuwa wa hiari. Mwajiri binafsi aliachwa katikati: aliyetaka aliwakatia watu wake bima, wengine waliwapeleka kwenye fao la matibabu la NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, wengine waliweka hesabu kwenye zahanati ya jirani, na wengine hawakufanya lolote wala hakuna aliyewauliza. Muswada wa bima kwa wote ulifika bungeni mwaka 2022, ukawekwa kando ili ufanyiwe kazi zaidi, ukarudi na kupitishwa tarehe 2 Novemba 2023. Kwa sheria hiyo mwajiri wa sekta rasmi binafsi ana wajibu wa kumwandikisha mfanyakazi wake kwenye bima na kuchangia. Hiari imekwisha.

Hapa niseme neno la pembeni, kwa kuwa nimelisikia kosa hili hata kwa mameneja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi si bima ya afya. Ule unalipiwa na mwajiri peke yake na unamhudumia mtu aliyeumia kazini au kupata ugonjwa unaotokana na kazi. Mwiba wa mkonge ukimchoma mkataji jichoni, hilo ni la Mfuko wa Fidia. Malaria ya mkewe si ya Mfuko wa Fidia. Kwa hiyo mwajiri anayesema "sisi tayari tunalipia fidia" hajajibu swali la bima.

Sasa nije kwenye msamaha. Nchi iliyotupa somo kubwa katika jambo hili ni Marekani, na nimechagua kukaa huko kwa muda kidogo kwa sababu ilitoa misamaha miwili tofauti chini ya sheria moja, na tofauti kati ya misamaha hiyo miwili ndiyo iliyonifundisha ninachotaka kusema leo.

Tarehe 23 Machi 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria kubwa ya bima ya afya. Miongoni mwa mambo mengi, sheria ile iliwakataza watoa bima kuweka ukomo mdogo wa malipo kwa mwaka. Zilikuwepo bima za bei nafuu, zikiuzwa hasa kwa wafanyakazi wa migahawa, maduka na kazi za msimu, ambazo zilimlipia mgonjwa hadi kiasi fulani kidogo na baada ya hapo alijitegemea. Katika mpango mmoja uliotolewa kwa wafanyakazi wa kampuni ya McDonald's, mtu alilipa dola 14 kwa wiki na bima haikumlipia zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka mzima. Kwa bei za hospitali za kule, dola 2,000 ni za kuingilia mlangoni. Sheria mpya ikaagiza ukomo upandishwe hatua kwa hatua: usipungue dola 750,000 kwa mikataba iliyoanza kuanzia tarehe 23 Septemba 2010, dola milioni 1.25 mwaka uliofuata, dola milioni 2 mwaka wa tatu, kisha mwaka 2014 ukomo wa mwaka ufutwe kabisa kwa huduma za msingi.

Kutoka dola 2,000 hadi dola 750,000 si hatua, ni mruko. Waajiri wakasema wazi kwamba wakilazimishwa kuruka hivyo mara moja, ada itapanda kupita uwezo na wataifuta bima nzima, na mfanyakazi aliyekuwa na kidogo atabaki bila chochote hadi 2014, mwaka ambao masoko mapya ya bima yalikuwa yafunguliwe. Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya kule ikakubali kutoa misamaha ya muda. Mwombaji alipaswa kuonyesha kwamba kutii mara moja kungepandisha ada sana au kungewapunguzia watu wake huduma. Misamaha iliyotolewa ilizidi 1,200, ikigusa watu karibu milioni 4, na si makampuni tu yaliyoomba. Mifuko ya bima inayosimamiwa pamoja na vyama vya wafanyakazi nayo iliomba na ikapewa. Wapinzani wa serikali walipiga kelele kwamba huo ni upendeleo kwa marafiki, na kelele hizo zilifanya kazi nzuri bila kukusudia, kwa sababu orodha ya waliosamehewa iliwekwa hadharani kila mtu aisome.

Viongozi wa matawi nawaomba wasikilize sehemu hii kwa makini zaidi. Msamaha ule ulikuwa na mambo matatu ndani yake. Ulikuwa na mwisho: maombi yalifungwa tarehe 22 Septemba 2011, na hakuna msamaha uliovuka hadi mikataba ya bima iliyoanza mwaka 2014. Ulihusu kipengele kimoja tu, yaani ukomo wa malipo. Haukumwondolea mwajiri wajibu mwingine. Na jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, aliyesamehewa alilazimishwa kumwandikia kila mwenye bima, kwa lugha nyepesi, kwamba bima yake haifikii kiwango cha sheria, na kumtajia ukomo wake ni kiasi gani. Mfanyakazi wa jikoni alipata karatasi inayomwambia: bima yako mwisho wake ni hapa. Aliweza kukasirika, aliweza kutafuta kazi kwingine, aliweza kuweka akiba. Hakudanganywa.

Msamaha wa pili ulikuwa mwingine kabisa. Sheria ileile ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote, nao wakahesabiwa kuanzia saa 30 kwa wiki, awape bima ya kutosha au alipe tozo, kuanzia mwaka 2014. Tarehe 2 Julai 2013 Wizara ya Fedha ikatangaza kwamba sharti hilo limesogezwa mbele mwaka mmoja, kwa sababu waajiri walilalamikia ugumu wa taarifa walizotakiwa kuzijaza. Februari 2014 ikaongeza: wenye wafanyakazi kati ya 50 na 99 wasubiri hadi 2016, na wenye 100 na zaidi waanze 2015 kwa kufikisha asilimia 70 tu ya wafanyakazi wao badala ya asilimia 95. Wakati huohuo sharti la mtu binafsi, yaani mwananchi wa kawaida kuwa na bima au kutozwa, lilianza 2014 kama lilivyopangwa.

Liangalieni jambo hilo kwa macho ya mfanyakazi. Wajibu ulikuwa wa watu wawili, mmoja akaachiwa, mwingine akabaki nao. Mwenye ofisi, mhasibu na mwanasheria alionekana anahitaji muda. Mwenye mshahara wa saa hakuonekana anauhitaji. Mimi sioni hoja inayoweza kulitetea jambo hilo kwa haki, ingawa naweza kulieleza kwa siasa. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilifungua shauri mwaka 2014 likidai Rais hana mamlaka ya kuahirisha alichoandika Bunge, na mwaka 2015 jaji alikataa kuisikiliza sehemu hiyo ya shauri, kwa hiyo swali la kisheria halikupata jibu. Niwe mwadilifu pia: mfanyakazi wa Marekani aliyekosa bima ya mwajiri mwaka 2014 alikuwa na soko jipya la kununulia bima, na wenye kipato kidogo walipewa ruzuku. Kulikuwa na kitu cha kumdaka anayeanguka. Mkataji mkonge wa Tanga ambaye mwajiri wake amesogezewa tarehe anadakwa na nani?

Kuna sharti moja katika msamaha huo wa pili ambalo ningependa tuliibe bila aibu. Mwajiri wa wafanyakazi 50 hadi 99 aliyetaka kusubiri hadi 2016 alipaswa kuthibitisha kwamba hakupunguza watu wala saa za kazi ili aingie kwenye kundi la wanaosamehewa, na kwamba hakupunguza bima aliyokuwa akiitoa tayari. Aliyeandika sharti hilo aliwajua waajiri. Mimi nawajua pia, nilikuwa mmoja wa wanaowapigia hesabu. Ukiweka kizingiti, mtu atainama apite chini yake. Sisi wenyewe tunacho kizingiti cha waajiriwa 10 katika tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na sidhani kama yupo mhasibu humu ambaye hajawahi kuulizwa na bosi wake, "Hivi tukibaki tisa?"

Ndugu zangu, sasa niwaambie kilichonifanya niliangalie jambo hili kwa macho haya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa karani katika shamba moja la mkonge ambalo sitalitaja. Bei ya singa ilikuwa mbaya, nyuzi za plastiki zilikuwa zimetufukuza sokoni, na meneja hakuwa mtu mbaya. Shamba lilikuwa na zahanati ndogo, chumba kimoja na dresa mmoja, ambaye alitoa dawa za malaria, alifunga vidonda, na aliyezidiwa alimpandisha kwenye Land Rover ya shamba hadi hospitali ya Bombo. Siku moja tulitangaziwa kwamba zahanati itafungwa kwa muda wa miezi mitatu mpaka hali ya fedha itengemae. Tangazo lilisemwa kwa mdomo, asubuhi, kwenye gwaride la kugawa kazi. Hakuna aliyeandika, nami nikiwemo, na kuandika ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mwezi wa pili mzee mmoja wa korona alishikwa na ngiri usiku. Gari halikuwepo, kwa sababu dereva wa wagonjwa alikuwa amehamishiwa kazi nyingine pamoja na gari lake. Wenzake walichangishana, wakakodi pikapu ya mfanyabiashara wa machungwa kutoka Muheza, mzee akafikishwa hospitali, akapasuliwa, akapona. Orodha ya michango niliiandika mimi, nyuma ya karatasi ya zamani ya mishahara. Nilipomaliza kujumlisha nikaona kitu ambacho sijakisahau: zile shilingi zilizochangwa usiku mmoja zilikuwa zimekaribia mshahara wa mwezi wa yule dresa. Gharama tuliyodhani shamba limeiokoa haikuokolewa. Ilikuwa imetoka kwenye daftari la shamba na kuhamia nyuma ya karatasi, na waliokuwa wakiilipa sasa ni wapagazi, wafagiaji na wakataji, kila mmoja kwa kadiri alivyoguswa na ndugu yake.

Miezi mitatu ikapita, ikawa sita. Dresa alipata kazi Korogwe. Chumba cha zahanati kikageuzwa ghala la mbolea. Hakuna siku ambayo mtu alisema zahanati imefungwa kabisa. Iliendelea kuwa imefungwa kwa muda mpaka nilipoondoka. Sisi watu wa hapa tuna msemo wetu tunaomtania nao mgeni, waja leo waondoka leo, kwa maana tunajua akishaonja Tanga haondoki. Msamaha wa muda ni mgeni wa namna hiyo. Huja na kikapu kidogo, akisema analala usiku mmoja.

Kwa hiyo mwajiri anapokuja mbele ya mamlaka na kuomba muda, swali la kwanza lisiwe kama ana shida. Wengi wana shida kweli. Swali la kwanza liwe: katika muda huo, mfanyakazi akiugua, nani analipa, na kwa fedha ipi? Chukueni mfano wa kiwanda kidogo cha chokaa chenye wafanyakazi 40, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000. Tukikadiria kwa kiwango kilekile cha watumishi wa umma, mwajiri atachangia shilingi 9,000 kwa kila mtu, yaani 360,000 kwa mwezi. Akisamehewa miezi sita amebaki na shilingi 2,160,000 mfukoni. Fedha hizo kwake ni pumzi, sikatai. Lakini katika miezi hiyo sita, kati ya watu 40 na familia zao, watazaliwa watoto, atalazwa mtu, atagundulika mwenye kisukari. Kwa bima, mizigo hiyo ingegawanywa kwa wote. Bila bima, inamwangukia mmoja kwa mkupuo, naye atakwenda kukopa kwa riba au kuuza mbuzi. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa anayekopa ni mwajiri, na anayelipa matanga ni mtu mwingine.

Kuna na jambo la mfuko wenyewe, ambalo wanasiasa hulipita haraka. Bima husimama kwa mchango wa wazima. Ukiwasamehe waajiri wenye vijana wenye nguvu kwa sababu wana wanasheria wazuri wa kuandika maombi, mfuko utabaki na wazee na wagonjwa, michango itapanda, na waliobaki nao wataanza kuomba msamaha. Ndiyo maana siafiki msamaha wa jumla kwa sekta nzima, kwa mfano kusema kilimo chote kisubiri. Shamba lenye mkataba wa mauzo nje ya nchi na bwana mwenye michungwa ekari tano Muheza si mwajiri wa aina moja. Msamaha uombwe na mwajiri mmoja mmoja, na vitabu vyake vikiwa mezani.

Tusidhani kwamba tunabuni kitu kigeni. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tayari ina mlango wa namna hii: inampa Waziri uwezo wa kumsamehe mwajiri baadhi ya viwango vya ajira, lakini si kabla wafanyakazi wanaohusika au chama chao hawajashirikishwa. Viongozi wa matawi, hapo ndipo penye kazi yenu, na hapo nina ugomvi nanyi kidogo. Nimeona kiongozi wa tawi akiweka saini kukubali jambo zito baada ya chakula cha mchana kizuri, halafu wanachama wake wakalisikia kwa madereva. Saini yako si yako. Kabla hujakubali miezi sita, simama mbele ya waliokuchagua, waeleze hesabu, wakuambie wenyewe.

Nanyi waajiri, nawaomba msiombe msamaha wa kitu kizima. Ombeni cha sehemu. Kama huwezi kuwaandikisha wafanyakazi wote mwezi huu, anza na wale wenye magonjwa ya kudumu na wajawazito, wengine wafuate kwa tarehe unazozitaja. Kama una makubaliano na zahanati ya karibu, usiyavunje mpaka siku kadi za bima zitakapokuwa mikononi mwa watu. Na kama umekwisha kumkata mfanyakazi sehemu yake, basi habari ya msamaha imekufa hapohapo. Fedha iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu si yako hata kwa siku moja, na kuishikilia huku ukiomba muda ni jambo ambalo lina jina lingine.

Swali gumu kuliko yote ni la vibarua. Jirani zetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Horohoro, walianza mfumo wao mpya Oktoba 2024 kwa kumkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mwajiri kazi yake ni kukata na kupeleka, haongezi chochote cha kwake. Sisi tumechagua njia ya mwajiri naye kuchangia, nami naiona ni njia bora. Lakini ubora huo una hatari yake, kwa kuwa kadiri mwajiri anavyolazimika kumchangia mwajiriwa, ndivyo anavyotamani awe na waajiriwa wachache na vibarua wengi. Mkataji anayelipwa kwa matita, mchumaji wa machungwa wa miezi miwili, mbeba mizigo bandarini anayeitwa meli inapofunga gati: watu hawa wanaweza kufanya kazi kwa mtu yuleyule miaka kumi bila kuitwa mwajiriwa. Msamaha wowote usiogusa suala lao unawasaidia wenye kadi na kuwasahau wasio nazo. Ningetaka mwajiri anayeomba muda aambatishe idadi ya vibarua wake wa mwaka uliopita, na idadi hiyo isipande katika kipindi cha msamaha. Akipandisha, msamaha ufe.

Wengine mtasema hayo ni masharti mengi kwa mtu mwenye shida. Ni mengi. Lakini kumbukeni kwamba sheria ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri atamlipa mgonjwa akiwa nyumbani, kwa vyovyote vile. Mtu asiye na bima huchelewa kwenda hospitali, huanza na panadol ya dukani na mizizi, na anapofika kwa daktari ugonjwa umekomaa, kwa hiyo siku zake za kukaa nyumbani huwa nyingi. Sehemu ya kile ulichoamini umekiokoa kwenye mchango utakilipa kwenye likizo, tena kwa mtu ambaye hayupo kazini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilisema kwamba katika msamaha wa kwanza wa Marekani kilichonigusa kuliko vyote ni ile karatasi ya kumjulisha mfanyakazi. Nimejaribu kuandika ya kwetu, na nakala ziko pale mlangoni kwa atakayetaka kuzirekebisha. Inasema hivi:

"Ndugu mfanyakazi, mwajiri wako ameruhusiwa kuchelewa kukuandikisha kwenye bima ya afya. Ruhusa hii inaisha tarehe fulani, na haiwezi kuongezwa bila ninyi kuulizwa tena. Hadi siku hiyo huna bima kutoka kwa mwajiri. Ukiugua wewe, mwenzi wako au mtoto wako, nenda zahanati fulani. Mwajiri atalipia mambo yafuatayo, na haya mengine hatayalipia. Mshahara wako haukatwi chochote kwa ajili ya bima katika kipindi hiki. Aliyekubali jambo hili kwa niaba yako ni fulani, wa tawi lenu, muulize."

Panapoandikwa "fulani" pajazwe kwa kalamu, kwa jina na kwa tarehe. Na karatasi hiyo isibandikwe ofisini kwa meneja. Ibandikwe pale dirishani pa kupokelea mishahara, kimo cha macho ya mtu aliyesimama kwenye foleni.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali, na nitafurahi kama la kwanza litatoka kwa kibarua.